Kusema Kweli na Kusema Wazi

Mara nyingi mwalimu aonyapo hutanguliza neno, "Nitasema wazi," na msikilizaji huondoka akidhani ametukanwa. Kosa halimo katika nia, bali katika kutopambanua maneno. Tunayo maneno mengi ya kunena pasipo kuficha, wala hayalingani.

Kusema kweli ni kinyume cha kusema uongo. Neno hili latazama habari yenyewe, si namna ya kuieleza. Mtu aweza kusema kweli kwa fumbo. Kusema wazi ni kinyume cha kufumba, na mwongo hodari naye aweza kusema wazi. Kusema kinagaubaga ni kueleza jambo lote, moja moja, lisibaki la kutatiza. Lafaa sana kwa hesabu na mapatano.

Kutoboa asili yake ni kutia tundu. Kwa hiyo siri hutobolewa, lakini habari ijulikanayo na wote haitobolewi. Kukiri ni kukubali kweli iliyo juu ya nafsi yako. Mtu hakiri kosa la jirani yake. Kumpasulia mtu ni kumwambia usoni neno lichomalo. Kuropoka ni kusema kabla ya kufikiri. Aropokaye huenda akapata kweli, wala hasifiwi.

Tuchukue mfano. Tuseme kwamba katika Mtunda, upande wa Kibiti, mzee ameahidi boriti za paa la darasa, nazo hazijaletwa. Mwalimu akimwambia mbele ya watu, "Umetudanganya," amesema wazi. Lakini ikiwa mzee alizuiwa na mafuriko ya mto Rufiji, mwalimu hakusema kweli. Afadhali angemwendea faraghani na kusema, "Shikamoo, mzee. Zile boriti tungali tukizitazamia." Hapo hakuficha neno, na mzee amepata nafasi ya kujieleza. Mtani wa mzee angeweza kumcheka hadharani pasipo lawama, maana utani humpa ruhusa. Mwalimu mgeni hana ruhusa hiyo.

Wahenga walinena, "Msema kweli hukimbiwa na rafiki zake." Ni neno la haki, lakini lisiwe kinga ya ulimi mkali. Kabla ya kusema wazi, yatupasa kujiuliza mambo matatu: Je, nina hakika kwamba ni kweli? Nina ruhusa ya kuisema? Na hapa ndipo mahali pake?