Ukialikwa Melini, Jihadhari na Chumba cha Kukandwa

Ndugu msomaji, labda utajiuliza gazeti letu lina shughuli gani na meli za starehe. Wengi wetu tunaijua meli ya kuvukia kwenda Unguja, au ile ya Ziwa Victoria, na humo hakuna mtu wa kukukanda mgongo. Ukipata mahali pa kukaa umshukuru Mungu. Lakini siku hizi watoto wetu wako Marekani na Ulaya, wanafanya kazi, na wakitaka kuwapa wazazi asante huwalipia safari ambazo hatukuziota. Ndivyo ilivyotupata mimi na mzee wangu mwaka 2019, tulipotimiza miaka 40 ya ndoa. Mwanetu anayekaa Texas alitupandisha meli katika bandari ya Galveston, safari ya siku 5, kwenda Cozumel katika nchi ya Mexico na kurudi. Nayaandika haya kwa wazazi watakaotufuata, na pia kwa wale wenye mabinti wanaotamani kwenda kufanya kazi katika meli kama hizo.

Meli yenyewe sitaisimulia sana. Ni kama mji unaoelea: ina ngazi, maduka, bwawa la kuogelea na chakula usiku na mchana. Jambo moja tu nakuomba ulishike. Humo hutoi fedha mkononi. Unapewa kadi ndogo, nayo ndiyo ufunguo wa chumba chako na ndiyo mkoba wako. Ukitaka soda, unaonyesha kadi. Ukitaka kofia, kadi. Hesabu yote inakuja mwisho wa safari. Basi mtu asiyehesabu noti kwa vidole vyake hasikii uchungu wa kutoa, na wenye biashara wanalijua hilo kuliko wewe.

Siku ile ile ya kupanda walitutembeza bure katika mahali wanapopaita spa, yaani nyumba ya kukandwa mwili, kusafishwa uso na kutengenezwa nywele na kucha. Palinukia vizuri kama sakristia siku ya Pasaka. Tulipewa maji yenye vipande vya tango, tukaandikishwa majina kwa bahati nasibu. Sikushinda kitu. Lakini kabla sijatoka mlangoni nilikuwa nimekwisha kuweka nafasi ya kesho yake: kukandwa dakika 50 kwa dola 120. Mwanangu alikuwa ameniambia, "Mama, nenda ukakandwe, umeshika jembe miaka mingi." Kwa kweli mabega yangu yalikuwa yanauma.

Kesho yake nikapewa karatasi ya maswali. Unaumwa wapi? Unalala vizuri? Ngozi yako inakusumbua kwa jambo gani? Nikajibu kila swali kwa uaminifu kama mtu aliye mbele ya mganga wa zahanati. Sasa najua karatasi ile ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya haki: mkandaji lazima ajue kama una presha, kama umewahi kupasuliwa, kama una mimba. Kazi ya pili ni kumwonyesha mwuzaji mlango wa kuingilia. Mimi niliandika kwamba miguu yangu huvimba jioni. Nilikuwa nimemfungulia mlango na kumwekea kiti.

Aliyenikanda alikuwa binti wa Ufilipino, mpole, mwenye mikono ya nguvu, amevaa medali ya Bikira Maria shingoni. Nilipoiona medali nikafurahi, nikajisikia niko kwa ndugu. Akaniambia nivue miwani nilale. Dakika arobaini za kwanza nakuambia wazi zilikuwa neema. Nilikaribia kusinzia. Ndipo akaanza kusema polepole huku anakanda, "Mama, nasikia mafundo hapa. Hii ni sumu iliyokusanyika." Nami, mama mzima niliyefundisha sayansi ya darasa la tano miaka ishirini, nikaitikia "Ehe." Mafundo yale ni misuli iliyokaza kwa kazi na kwa uzee. Taka za mwilini zina watu wake wa kuzitoa, ini na figo, nao hawangoji unga wa dukani. Nilikuwa nayajua hayo yote. Lakini mtu aliyelala kifudifudi bila nguo, amefunikwa shuka la watu, hana moyo wa kubishana na anayemtendea mema.

Nilipoinuka nikakuta karatasi nyingine imekwisha kuandikwa kwa kalamu, mistari mitatu yenye alama ya vema, kama daktari anavyoandika dawa. Unga wa mwani wa kukoroga katika maji ya kuoga, dola 98. Vidonge vya kusafisha mwili, dola 76. Krimu ya uso, dola 112. (Mwani! Nikawakumbuka akina mama wa Paje na Jambiani huko Unguja, wanaokaa majini hadi magotini kulima mwani, wala sijasikia mmoja aliyetajirika.) Binti akasema, "Bila hivi, Mama, kazi yote ya leo itapotea." Miwani yangu sikuiona iko wapi. Kalamu ikawekwa mkononi mwangu. Nikatia sahihi.

Jumla ilikuwa dola 286. Kwa fedha ya mwaka ule ni zaidi ya shilingi laki sita na nusu. Kule kwetu ungenunua ng'ombe. Nami nilirudi chumbani na mfuko mzuri wa karatasi wenye utepe, nikauficha nyuma ya majaketi ya kuokolea maisha.

Usiku sikulala. Haikuwa fedha tu. Mwanetu huamka saa kumi alfajiri kwenda kazini, na kadi ile ilikuwa imefungwa kwenye akiba yake. Nikamwamsha mzee wangu, nikamweleza. Aliniangalia, akacheka mpaka akakaa kitandani, halafu akauliza, "Umevifungua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi kesho tunavirudisha. Hata sokoni kwetu, kitenge kisichokatwa hurudi."

Asubuhi tulikwenda wote wawili. Mkubwa wa pale alikuja akitabasamu. Kwanza alinieleza upya faida za vidonge. Nikasema, "Asante, naomba kurudisha." Akatoa punguzo la asilimia 20. Nikasema, "Asante, naomba kurudisha." Akasema nibaki na krimu peke yake. Hapo nilikuwa karibu kushindwa, maana yule binti alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama chini. Mzee wangu akanikanyaga mguu kidogo. Nikasema mara ya tatu maneno yale yale, bila kuongeza sababu. Wakafuta deni, wakanipa karatasi ya kuthibitisha. Nawe ukifikwa na jambo hilo, usitoe sababu. Ukisema "ni ghali", watapunguza. Ukisema "nitafikiri", watakufuata. Ukisema "mume wangu hataki", wataomba kuonana naye. Neno "hapana, asante" halina mahali pa kushikia. Na kama wa pale wakikataa kabisa, nenda mezani kwa watumishi wa meli wanaoshughulikia hesabu za wasafiri, uende nacho kitu hakijafunguliwa, tena kabla ya siku ya kushuka.

Jioni ile nikakutana na yule binti kwenye ujia. Nilitaka kumpita kwa aibu, yeye akasimama. Nikamwomba radhi. Alichonieleza ndicho kilichonifanya nishike kalamu leo.

Alisema chumba kile hakiendeshwi na wenye meli. Kimekodishwa kwa kampuni nyingine, na mapato yanagawanywa kati ya kampuni na meli. Utaratibu huo ndio ulio wa kawaida katika meli nyingi za namna hiyo. Mshahara wake wa msingi ulikuwa mdogo. Sehemu kubwa ya chake ilikuwa kamisheni, kwa kukanda na kwa kuuza. Kila asubuhi walikusanywa na kusomewa kiasi cha mauzo kinachotakiwa siku hiyo, na asiyefikia aliitwa pembeni kuulizwa. Alikuwa na mtoto wa miaka 4 aliyemwachia mama yake kijijini. Mkataba ulikuwa wa miezi 8, na alikuwa amebakiza 5.

Nikamwuliza, "Sasa mtu kama mimi afanyeje, asikuumize na asidanganywe?" Akajibu, "Mama, andika kwenye ile karatasi ya maswali tangu mwanzo kwamba hutaki kushauriwa kununua kitu, na kwamba unapenda kimya. Mkubwa wangu akiona umeandika wewe mwenyewe, hanilaumu mimi. Nami nakukanda vizuri mpaka mwisho bila kufikiria vidonge."

Tazama basi, msomaji. Mimi nilidhani kunyamaza na kutia sahihi ndiyo huruma. Kumbe huruma ilikuwa kusema mapema, wakati nimevaa nguo zangu na miwani yangu iko puani.

Kwa hiyo ukialikwa, nenda, kukandwa si dhambi. Uliza bei kabla ya kulala, na uulize kama bakshishi imekwisha kuongezwa, maana mara nyingi huwekwa humo humo katika hesabu, asilimia 18 au 20. Mimi dola zangu 120 ziligeuka 141 na senti 60, na bado palikuwa na mstari mtupu wa kuandika bakshishi nyingine. Mstari huo si deni. Ukitaka kumpa mtumishi kitu, mpe mkononi mwake. Mimi nilimpa dola 20 katika bahasha, nikaona nimefanya vema kuliko kununua unga wa dola 98 ambao yeye angepata sehemu ndogo tu. Kama unaona bei ni kubwa, ngoja siku meli itakapotia nanga. Watu wengi hushuka na wakandaji hukaa bure, hivyo bei hupunguzwa. Mikutano ya bure ya kupima nyayo au kupunguza tumbo ni mikutano ya kuuza, ujue hivyo unapoingia. Na vidonge visikuingie mdomoni kabla hujamwuliza daktari wako, hasa wewe unayetumia dawa ya presha au ya sukari. Mwani una madini ya ayodini, na kwa mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo ayodini nyingi inaweza kumdhuru.

Usifikiri mambo haya yako Mexico tu. Sauti ile ile niliisikia kijijini kwetu, kwa vijana waliokuja na mashine ya kushika mkononi, wakapima watu bure chini ya mwembe. Kila aliyepimwa alikutwa na ugonjwa, na kila ugonjwa ulikuwa na kopo lake.

Neno kwa wenye mabinti. Kazi ya melini ni kazi halali, lakini iulizwe vizuri. Mshahara wa msingi ni kiasi gani, na kamisheni ni kiasi gani? Asipouza, atapata nini? Nauli ya kurudi ni juu ya nani? Tena kuna Mkataba wa Kazi za Baharini, uliopitishwa Geneva mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2013. Unawahesabu kuwa mabaharia hata wakandaji na wapishi, na unakataza mtafuta kazi kutozwa ada ya kutafutiwa nafasi. Atalipia pasipoti yake, kitabu chake cha baharia na cheti cha afya. Viza ni juu ya mwenye meli. Wakala akikuambia uuze shamba ili binti apate nafasi, mwonyeshe mlango. Nalo Kanisa halikuwasahau watu hawa. Utume wa Bahari, unaoitwa Stella Maris, ulianzishwa Glasgow mwaka 1920, na wahudumu wake huwatembelea mabaharia katika bandari nyingi za dunia. Jumapili ya pili ya mwezi wa Julai ni Dominika ya Bahari. Mimi zamani niliipita bila kujua. Sasa nina mtu wa kumwombea siku hiyo, ingawa jina lake la ukoo sikuliuliza.

Usiku wa mwisho hesabu yetu ililetwa, ikapitishwa chini ya mlango. Mzee wangu alivaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari kama anavyosoma hesabu za jumuiya. Zile dola 286 zilikuwa zimeandikwa, na chini yake zimefutwa. Kisha akakuta soda mbili za siku ya tatu ambazo hatukunywa. Alfajiri, kabla ya kushuka Galveston, akapanga foleni kwa ajili ya hizo nazo.