Wino unaojificha: kinga kwa mkulima, mtego kwa mwenye duka

MFANYABIASHARA mdogo anaishi kwa karatasi. Risiti ya mzigo, hati ya mkopo, lebo ya mfuko wa mbegu na bahasha yenye namba ya siri ya benki, zote ni karatasi, na maneno yaliyomo ni pesa. Hata hivyo, si kila kilichochapwa hubaki kama kilivyo. Yapo maandishi yanayofichwa makusudi ili ayasome mwenye haki peke yake, na yapo yanayotoweka yenyewe wakati mwenye mali anayahitaji zaidi.

Tofauti hiyo inatokana na kemikali zinazobadilika rangi kwa kugongwa, kwa joto au kwa mwanga. Mkulima na mwenye duka wanazishika kila siku bila kuzijua, na asiyezijua anaweza kuibiwa akiwa ameshika ushahidi mkononi.

Siri ndani ya bahasha

Kwa miaka mingi mabenki yamekuwa yakimpelekea mteja namba ya siri ya kadi ndani ya bahasha iliyogundishwa pande zote. Kwa nje haionekani namba yoyote, na haikuandikwa kwa mkono wa karani. Kazi hiyo hufanywa na karatasi isiyohitaji kaboni, ambayo kampuni ya NCR ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1954.

Upande wa nyuma wa karatasi ya juu hupakwa vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vyenye mafuta yaliyochanganywa na kemikali isiyo na rangi. Karatasi ya chini hupakwa udongo wenye tabia ya asidi. Pini za printa zikigonga, vifuko hupasuka, kemikali hukutana na udongo na kugeuka buluu. Printa hugonga bahasha bila utepe wa wino, kwa hiyo nje hapabaki kitu na namba hutokea ndani tu. Kuta za vifuko vya mwanzo zilitengenezwa kwa jelatini na gundi ya mgunga, zao la nchi kame ambalo Sudan inaongoza kwa kuliuza duniani.

Vitabu vingi vya stakabadhi vyenye nakala za rangi mbalimbali vimetengenezwa kwa karatasi ya aina hiyo. Mwenye duka anapaswa kuandika kwa kukandamiza, na kuweka kadi ngumu chini ya seti anayoandika. Asipofanya hivyo, hesabu ya mteja wa leo itajichapa kwenye stakabadhi ya mteja wa kesho.

Kukwangua kabla ya kulipa

Njia ya pili inajulikana na kila aliyewahi kukwangua vocha ya simu. Namba huchapwa kwanza, ikafunikwa kwa vanishi laini, kisha juu yake likapakwa tabaka la mpira lenye unga wa rangi ya fedha. Vanishi huzuia mpira usishikane na karatasi, ndiyo maana ukucha unatosha kuuondoa. Tabaka jeusi huongezwa ili namba isisomeke kwa kumulikwa tochi kali. Tiketi za bahati nasibu za aina hii zilianza kuuzwa katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 1974.

Kwa mkulima, ufundi huo umekuwa silaha dhidi ya mbegu bandia. Walaghai huchukua mahindi ya kawaida ya chakula, wakayapaka rangi yafanane na mbegu zilizotiwa dawa, kisha wakayafunga kwenye mifuko inayofanana na ya kampuni. Mkulima hugundua baada ya mvua, shamba likiwa limeota kwa mabaka na msimu umeshapita. Hasara yake si bei ya mfuko tu. Ni mbolea, ni vibarua, ni chakula cha mwaka mzima.

Nchini Kenya, KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, lilianzisha lebo ya kukwangua kwenye vifurushi vya mbegu. Mkulima hukwangua, akatuma namba iliyofichwa kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, na jibu humweleza kama mbegu hiyo inatambuliwa. Mlaghai anaweza kuiga picha ya mfuko, lakini hawezi kubuni namba ambayo mtambo wa shirika utaitambua.

Lebo hiyo ina faida ikitumiwa dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni. Lebo iliyokwisha kukwanguliwa ni sawa na chupa iliyofunguliwa, na mnunuzi ana haki ya kuikataa.

Risiti inayofifia

Risiti nyingi za mashine hazina wino kabisa. Karatasi yenyewe imepakwa rangi iliyolala pamoja na kemikali ya kuiamsha. Kichwa cha printa hupasha joto vijidoa vidogo, kemikali hizo huyeyuka na kukutana, na doa jeusi hutokea. Risiti za EFD zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2010 ni mfano mmoja.

Lakini kilichokuja kwa joto huondoka kwa urahisi. Jua, mafuta ya mikono, gundi ya selotepu na mifuko ya plastiki laini hufifisha maandishi. Sheria za kodi za mwaka 2015, Kenya na Tanzania pia, zinamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Mwenye duka anayebandika risiti kwa selotepu au kuzirundika karibu na dirisha anaweza kubaki na karatasi nyeupe siku mkaguzi anapobisha hodi, na gharama alizolipa kweli zikakosa uthibitisho.

Risiti iliyofifia isipashwe moto kwa tumaini la kuirudisha, kwani karatasi yote inaweza kugeuka nyeusi. Dawa ni kutoa nakala kwa mashine ya fotokopi, au kuipiga picha siku ileile ilipotolewa.

Kalamu ya kutiliwa shaka

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kalamu za kufutika zinazotumia wino wa joto. Zinazojulikana sana ni FriXion za kampuni ya Pilot ya Japani, zilizoingia soko la Ulaya mwaka 2006. Ukisugua maandishi kwa kitako cha kalamu, msuguano huzalisha joto, na wino ukifika nyuzi 60 za Selsiasi hutoweka. Wino haujaondoka kwenye karatasi. Umepoteza rangi tu. Karatasi ikipozwa hadi kati ya nyuzi 10 na 20 chini ya sifuri, maandishi huanza kurudi.

Kwa mwanafunzi ni kalamu nzuri. Kwa cheki, hati ya deni au mkataba wa kuuza mazao, ni mtego. Tapeli anaweza kumwazima mwenzake kalamu ajaze kiasi cha pesa, kisha akakifuta na kuandika kingine juu ya sahihi ya kweli. Hata bila tapeli, hati iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kujifuta yenyewe. Kampuni yenyewe inaonya kwamba wino huo usitumike kwa sahihi na hati za kisheria.

La kufanya

Anayetia sahihi aje na kalamu yake ya kawaida, na kiasi cha pesa kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Akitilia shaka kalamu aliyopewa, aandike kwanza kwenye kipande cha karatasi na kukiweka chini ya kikombe cha chai ya moto. Maandishi yakififia, kalamu irudishwe kwa mwenyewe. Hati iliyokwisha kufutika isisuguliwe tena. Iwekwe kwenye mfuko mkavu ndani ya friza, na maandishi yakirudi yapigwe picha mbele ya shahidi.

Mali bila daftari, walisema wahenga, huisha bila habari. Siku hizi daftari peke yake halitoshi. Mwenye mali aujue na wino ulioliandika.