Akiki Iliyopikwa na Kaharabu ya Kiwandani

Akiki nyingi haizaliwi nyekundu. Ikitolewa ardhini huwa ya kijivu, au ya manjano iliyofifia kama chai iliyotiwa majani haba, na asiyejua angeipita njiani akidhani ni kokoto. Wekundu unaomfanya mtu aitazame mara ya pili ni kazi ya moto. Ndani ya jiwe mna chembechembe za madini ya chuma zilizoshikana na maji. Jiwe likipashwa moto polepole maji hutoka, na kinachobaki ni madini yale yale yanayoupa udongo wa ngeu rangi yake.

Naanza na hilo kwa sababu swali la kwanza la wanunuzi wa shanga za kale huwa ni kama jiwe ni la asili. Mimi naona swali lenye faida zaidi ni nani aliyelifanyia kazi, kwa zana gani, na ni nani aliyelivaa baadaye.

Kwa akiki, jibu la swali hilo mara nyingi ni Gujarat, magharibi mwa India. Mawe huchimbwa karibu na Ratanpur na kupelekwa Khambhat, mji wa bandari ya zamani ambao Wazungu waliuita Cambay. Huanikwa juani kwa muda mrefu kwanza, kisha hupangwa katika vyungu na kupikwa kwa moto wa taratibu, kwa maana moto wa pupa huyapasua. Fundi huketi mbele ya msumari mnene wa chuma uliosimikwa ardhini, akaliegemeza jiwe kwenye ncha yake na kuligonga kwa nyundo ya pembe ya nyati wa kufugwa. Pembe hailivunji jiwe ovyo. Huling'oa kigae kimoja kimoja mpaka umbo la ushanga litokee. Ndipo huja keke yenye vipande viwili vidogo vya almasi kwenye ncha. Tundu hutobolewa kutoka upande mmoja hadi katikati, kisha ushanga hugeuzwa. Zamani shanga zilitiwa katika mifuko ya ngozi pamoja na unga wa kusugulia na kuviringishwa kwa siku nyingi hadi zing'ae. Leo mapipa yanayozungushwa kwa umeme ndiyo yanayofanya kazi hiyo.

Vumbi la kazi hii linaua. Mafundi wa Khambhat na vijiji vyake wamekuwa wakiugua silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, na wengi wao ni watu wenye kipato kidogo mno. Maduka ya vito hayana desturi ya kuwaeleza wateja habari hiyo.

Ufundi wenyewe ni wa kale sana. Watu wa bonde la Indus, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, walitengeneza shanga za akiki nyembamba zenye urefu wa zaidi ya sentimita 10, na walizitoboa bila almasi. Walitumia ncha za jiwe gumu la namna ya pekee, ambalo watafiti wamelipa jina la Ernest Mackay, mchimbuaji wa mji wa Chanhu-daro. Mtaalamu Jonathan Mark Kenoyer, aliyejaribu mwenyewe mbinu hizo na kukaa na mafundi wa Khambhat, alikadiria pamoja na wenzake kwamba mshipi wa shanga 36 uliopatikana Allahdino, karibu na Karachi, ulihitaji siku 480 za kazi. Si ajabu basi kwamba shanga za namna hiyo zilisafiri hadi Mesopotamia. Leonard Woolley alipofukua makaburi ya kifalme ya Uru katika miaka ya 1920, alimkuta Malkia Puabi amefunikwa kwa shanga za dhahabu, akiki na lapisi, jiwe la buluu kutoka milima ya Afghanistan. Uru hapakuwa na jiwe hata moja kati ya hayo. Kila ushanga juu ya kifua chake uliwaambia waombolezaji kwamba mkono wa huyu mwanamke ulifika mbali.

Pwani yetu nayo imo katika habari hii mapema. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, kile kinachoitaja Rapta kama soko la mwisho la Azania, kinataja pia mawe ya rangi yaliyoteremshwa hadi Barygaza, yaani Bharuch ya leo, hapo hapo Gujarat. Rapta ililetewa mikuki, mashoka na vito vya kioo. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa alieleza jinsi mawe yalivyotiwa motoni nchini Cambay ili yawe mekundu, na akaeleza pia jinsi shanga na nguo kutoka huko zilivyopitia Kilwa, Mombasa na Malindi kwenda Sofala. Neville Chittick alipochimbua Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, akiki ilikuwa miongoni mwa alivyovipata. Nyingi zaidi, lakini, zilikuwa shanga za kioo, ndogo na za bei ya chini. Akiki ilikuwa ya wachache.

Biashara hiyo ilichukua watu pia, na si bidhaa tu. Juu ya kilima huko Ratanpur pana kaburi la Bava Gor, walii ambaye masimulizi yanasema alitoka Uhabeshi, na ambaye mafundi wa akiki humhesabu kuwa mlezi wa kazi yao. Wanaotunza ziara yake ni Wasidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, na ngoma yao ya ibada mpaka leo wanaiita goma. Aina mojawapo ya akiki inauzwa kwa jina la walii huyo. Kwa hiyo ushanga uliovuka bahari hadi Kilwa ulitoka katika nchi ambako Mwafrika aliheshimiwa kama baba wa jiwe lenyewe. Sijaona mfano mzuri zaidi wa kuonyesha kwamba Bahari ya Hindi haikuwa njia ya kwenda tu.

Isidhaniwe pia kwamba Afrika Mashariki ilisubiri meli ndipo ijue mawe. Lothagam North, magharibi mwa Ziwa Turkana, wafugaji wa miaka takriban 5,000 iliyopita walijenga makaburi ya pamoja yenye nguzo za mawe. Watafiti wanakadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa hapo, wazee kwa watoto, na karibu kila mmoja alikuwa na mapambo, yakiwemo ya amazoniti ya kijani. Huko Uru shanga zilimtenga malkia na watu wake. Turkana hazikumtenga mtu yeyote.

Maana ya akiki katika nchi za Kiislamu ilijengwa juu ya pete na muhuri. Jiwe hili lina sifa ya kutoshikwa na nta ya moto, hivyo lilifaa sana kuchongwa jina na kugongwa kwenye barua. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inasema pete ya Mtume ilikuwa ya fedha na kito chake cha Kihabeshi, na wapo wafafanuzi waliosema kito hicho ni akiki. Yemen ikajipatia sifa ya kutoa akiki bora, na mpaka leo muuzaji yeyote wa Ghuba atakuambia pete yake ni ya Yemen hata kama jiwe limetoka Brazil kupitia Idar-Oberstein. Mji huo wa Ujerumani, tangu karne ya 19, ulikata na kutia rangi akiki ya Brazil kwa kuiga maumbo ya Khambhat, ukaiuza Afrika kwa wingi.

Kaharabu ni hadithi nyingine, na yenye udanganyifu zaidi. Si jiwe. Ni utomvu wa miti uliogandishwa ardhini kwa mamilioni ya miaka, na ile ya pwani ya Baltiki ina zaidi ya miaka milioni 30. Ni nyepesi na yenye joto mkononi, na ikisuguliwa huvuta unyuzi. Haishangazi kwamba watu waliipa uhai na kuitafutia kazi ya tiba. Plinio Mrumi aliandika kuwa wanawake wa mashambani, ng'ambo ya mto Po, waliivaa shingoni kama pambo na pia kama kinga ya maradhi ya koo.

Sisi tunayo ndugu yake mdogo. Sandarusi, utomvu wa msandarusi, hupatikana ardhini katika nyanda za Mrima na Unguja, lakini umri wake ni mamia au maelfu ya miaka tu. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliinunua kwa shehena ili itengenezwe vanishi ya samani na magari ya farasi. Iliyochimbwa ilikuwa na bei; ile mbichi, chakazi, ilidharauliwa. Sandarusi nzuri ikichongwa ushanga hufanana na kaharabu kiasi cha kumdanganya hata sonara.

Na zile shanga kubwa za manjano ambazo wanawake wa Somalia, Ethiopia na Yemen walizivaa kama mali ya ukoo? Nyingi si kaharabu wala sandarusi. Ni bakelaiti, plastiki aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, iliyomiminwa viwandani Ulaya na kuletwa kwa wateja waliokuwa tayari wanaipenda rangi ile. Tasbihi za faturani zinazogombewa leo kwenye minada ya Ghuba ni za jamii hiyo hiyo. Mimi siziiti takataka. Ushanga wa bakelaiti uliotolewa mahari mara tatu una historia kuliko kaharabu mpya ya dukani, ila usiununue kwa bei ya kaharabu.

Kutofautisha si kazi ngumu. Koroga chumvi katika maji mpaka isiyeyuke tena, kisha tia ushanga: kaharabu na sandarusi zitaelea, bakelaiti itazama. Tone la asetoni litaifanya sandarusi inate, lakini kaharabu haitajali. Kuusogezea unyuzi hakuthibitishi chochote, maana plastiki nayo huvuta. Sindano ya moto, ambayo wauzaji hupenda kuionyesha, huacha kovu la kudumu kwenye kitu cha kale, na kwa maoni yangu ingepigwa marufuku.

Kwa akiki, tazama tundu kwa kioo cha kukuza. La zamani mara nyingi lina ukingo uliolika kwa uzi, na njia mbili zilizokutana katikati bila kulingana sawasawa. Na ukiuona ushanga mwekundu ufukoni mbele ya magofu, uache pale pale na umwarifu mhifadhi wa eneo. Nchini Tanzania Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya namna hiyo. Zaidi ya hayo, umbo la ushanga wa akiki lilirudiwa kwa karne nyingi, hivyo tabaka la udongo ulimolala na vigae vilivyo jirani yake ndivyo vinavyomwezesha mchimbuaji kujua ulishuka na meli za zama zipi.