Sifa, Sharti na Kigezo katika Udahili

Katika maelezo ya udahili wa masomo ya uzamivu, maneno sifa, sharti na kigezo hutumiwa mara nyingi kana kwamba maana yake ni moja. Twaona yafaa yatenganishwe.

Sifa ni elimu aliyo nayo mwombaji kabla ya kuomba. Vyuo vikuu vingi vya Uingereza, kwa mfano, humtaka mwombaji wa utafiti wa uhandisi awe na shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu, au shahada ya uzamili. Sharti ni jambo linalopaswa kutimia ndipo adahiliwe, ingawa halimo katika vyeti vyake: lazima apatikane msimamizi mwenye ujuzi wa mada hiyo. Kigezo ni kipimo cha kuwapambanua waliokwisha kufikia sifa, kama vile ubora wa pendekezo la utafiti.

Tofauti hii ina uzito. Mhandisi anayetaka kuchunguza uimara wa zege aweza kukataliwa kwa kukosekana msimamizi tu. Ikiwa mfasiri ameyaita yote "sifa", mhandisi huyo atadhani elimu yake haitoshi. Huenda akapoteza mwaka mzima akisomea shahada nyingine, ilhali lililompasa ni kuomba katika chuo kingine.

Kwa hiyo mfasiri na ajiulize: Je, jambo hili limo katika vyeti? Je, ni la kutimizwa ndipo mtu adahiliwe? Au latumika kumlinganisha na wenzake? Jibu litampa neno linalostahili.