Jinsi Ngome ya Mombasa Ilivyopotezwa Mara Tatu

Mombasa ni kisiwa kilichokumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Maji ya mikono hiyo ni ya kina kirefu, nayo mawimbi ya bahari kuu hayaingii humo. Kwa hiyo vyombo hutia nanga kwa salama. Bandari njema hutamaniwa na wengi, na mji huu umepiganiwa mara nyingi. Jina lake la kale ni Mvita, na watu wengi hulifasiri kuwa ni mahali pa vita.

Wareno walifika mara ya kwanza mwaka wa 1498, katika safari ya Vasco da Gama. Hawakupatana na watu wa Mombasa, wakaenda zao Malindi, ambako mfalme aliwapokea vizuri. Mwaka wa 1505 walirudi na merikebu za vita, wakauteka mji wa Mombasa, wakaupora na kuutia moto.

Mwaka wa 1593 walianza kujenga ngome, wakaiita Ngome ya Yesu. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, mtu wa Italia. Ilisimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe mlangoni mwa bandari, ili kila chombo kiingiacho kipite mbele ya mizinga yake. Kuta zake zilikuwa nene, na upande wa nchi kavu palikuwa na handaki. Ilidhaniwa kuwa haishindiki. Lakini Wareno waliipoteza mara tatu, wala si kwa kubomolewa kuta.

Mara ya kwanza adui aliingia mlangoni. Mfalme Hasan aligombana na Wareno, naye akauawa. Mwanawe, Yusuf, alipelekwa Goa katika Bara Hindi akiwa mtoto, akalelewa na mapadre, akabatizwa. Baadaye alirudishwa Mombasa awe mfalme chini ya Wareno. Uchungu wa babaye haukumtoka. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba anakuja kuamkia, akamwua mkuu wa ngome, kisha Wareno wengi wakauawa mjini. Mwaka wa 1632 aliondoka kwa bahari, na Wareno wakarudi.

Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko zote. Waarabu wa Oman walikuwa wamekwisha kuwatoa Wareno katika Muscat mwaka wa 1650. Mwezi wa Machi 1696 merikebu za Imamu Saif bin Sultan zikafika Mombasa, na askari wake wakaizunguka ngome. Ndani walikuwamo Wareno wachache, na pamoja nao watu wa pwani wengi, wanaume kwa wanawake na watoto. Msaada wao ulitoka Goa, ng'ambo ya bahari, nao ulitegemea pepo. Pepo zikikataa, hakuna chakula wala askari.

Mwaka wa 1697 maradhi makali yaliingia ngomeni, watu wakafa kila siku. Hata mwezi wa Agosti mkuu wa ngome akafa, na Wareno walikuwa karibu kwisha. Ndipo Bwana Daud wa Faza akashika ulinzi, pamoja na jamaa zake 17, wanaume wengine 8 wa Kiafrika, na wanawake wapata 50. Watu hao wachache waliilinda ngome mpaka merikebu za msaada zilipofika mwezi wa Septemba. Moja katika hizo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka huohuo.

Vita vikaendelea hata Desemba 1698. Waomani walipojua kuwa waliobaki ndani ni wachache mno, waliukwea ukuta usiku, wakaitwaa ngome. Watu walikuwa wamezingiwa miezi 33. Siku chache baadaye merikebu za Wareno zilitokea baharini na msaada mpya. Mabaharia wakaiona bendera ya Waarabu juu ya ukuta, wakageuza tanga.

Mara ya tatu, Wareno walirudi mwaka wa 1728, lakini watu wa Mombasa wakawaondokea mwaka uliofuata. Njaa ikawashika waliokuwamo ngomeni, wakajitoa mwezi wa Novemba 1729. Tangu hapo hawakutawala Mombasa tena.

Baadaye ngome ilikuwa gereza la Waingereza, toka 1895 hata 1958. Kisha ikafanywa jumba la makumbusho. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi walitoa vitu vingi katika merikebu ile iliyozama. Kuta bado zimesimama. Atazamaye unene wake aweza kushangaa jinsi ngome hiyo ilivyopotea. Lakini jiwe halili wala haliugui, halikumbuki ubaya wala halichoki. Mambo hayo yote huwapata walinzi wake.