Ziwa Mweru Katika Wavu wa Pembetatu

Maji ya Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo, yana njia yake: Luapula huyaleta kutoka kusini, Kalungwishi kutoka mashariki, na Luvua huyatoa kaskazini, Pweto, kuelekea Mto Kongo. Katikati yapo mambo mawili yanayoyasumbua, upepo na kina kisicho sawa. Kusini ni mita chache tu; kaskazini-mashariki hupita 20. Milinganyo ya Navier na Stokes inaeleza mwendo wa maji tangu karne ya 19, lakini hakuna kalamu inayoweza kuitatua kwenye ziwa lenye umbo kama hili.

Njia inayofaa ni ya elementi, yaani vipande vidogo vidogo, iliyopewa jina na mhandisi Ray Clough mwaka 1960. Ziwa hutandazwa wavu wa pembetatu, na kompyuta hukokotoa kasi na kimo cha maji katika kila moja. Macho ya wavu huu hayalingani: madogo kwenye midomo ya mito na kandokando ya Kisiwa cha Kilwa kilichomo ziwani, makubwa majini wazi.

Ugumu umo katika wingi. Mweru ina takriban kilomita za mraba 5,120. Pembetatu za upande wa kilomita 1 zingekuwa kama 12,000. Za mita 100, milioni 1.2. Tena wimbi halipaswi kuruka pembetatu nzima katika hatua moja ya muda, hivyo hatua nazo hufupishwa mara 10. Kazi yote huongezeka mara 1,000.

Kwa hiyo ziwa hukatwa vipande, kila kichakataji na chake. Vipande vikiwa 16, kila kimoja hupata pembetatu 74,000 hivi, na ni mamia tu zinazogusa mpaka. Kila hatua, majirani hupashana namba za mpakani. Kipande kizito huchelewesha vyote, kama wavuta juya wanavyomngoja aliyebaki nyuma. Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kikomo cha kugawa kazi hivyo: asilimia 5 ya kazi isipogawanyika, kasi haizidi mara 20, hata vichakataji viwe maelfu.

Programu ya SLIM ya Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, imetumika hivyo kwenye Ziwa Tanganyika, ambako pepo za kusini-mashariki huinamisha tabaka la maji ya joto na kupandisha ya baridi upande wa Mpulungu, kwenye ncha ya kusini. Tanganyika, yenye kina cha hadi mita 1,470, hudai matabaka mengi chini ya kila pembetatu. Mweru ni rahisi zaidi: kwa kina chake kifupi, tabaka moja hutosha kwa maswali mengi. Kinachohitajika kwanza Nchelenge, mji wa Zambia ufukweni mwa Mweru, ni vipimo vya kina, vya upepo wa kila saa na vya maji yaingiayo kutoka Luapula.