Msukumo Mdogo Uliokata Chuma cha Monju

Usiku wa tarehe 8 Desemba 1995, sodiamu ya moto ilivuja kwenye mtambo wa nyuklia wa Monju, mjini Tsuruga, Japani, ikawaka mara ilipokutana na hewa. Mionzi haikutoka, kwa kuwa sodiamu hiyo ilikuwa ya mzunguko wa pili, usiopita kwenye kiini cha mtambo. Kilichokatika kilikuwa kijiti cha chuma kilichochomekwa ndani ya bomba: ala nyembamba ya kipimajoto, yenye kipenyo cha milimita 10 upande wa ncha.

Mkondo ukikutana na nguzo ya mviringo, hujikunja nyuma yake na kuzunguka. Zunguko moja huchomoka kulia, linalofuata kushoto, na kila linapochomoka, shinikizo hubadilika na nguzo husukumwa kando. Mwaka 1878 Vincenc Strouhal, aliyekuwa akichunguza waya zinazovuma, alipata uhusiano unaotumika hadi leo: gawanya kasi ya mkondo kwa kipenyo, zidisha kwa takriban 0.2, utapata msukumo huo wa kando unajirudia mara ngapi kwa sekunde. Sodiamu ya Monju ilikwenda karibu mita 5 kwa sekunde. Piga hesabu: mara 100 hivi. Kijiti chenyewe, kikiguswa, kilitikisika kwa idadi iliyo juu sana ya hapo. Wasanifu walifuata kanuni ya Marekani ya mwaka 1974 iliyotazama msukumo wa kando tu, na kwa kanuni hiyo kijiti kilikuwa salama.

Lakini upo msukumo mwingine, ule unaofuata mkondo wenyewe. Huo hupanda na kushuka kila zunguko linapochomoka, liwe la kulia au la kushoto, kwa hiyo hujirudia mara mbili zaidi. Ni dhaifu, mara nyingi kama sehemu ya kumi ya ule wa kando, ndiyo maana ulipuuzwa. Tena kasi ikiwa ndogo, kijiti kikishaanza kucheza, mazunguko huweza kuchomoka kulia na kushoto kwa pamoja: misukumo ya kando inafutana, kijiti kinabaki kwenda mbele na nyuma. Zidisha kipenyo kwa idadi ya mitikisiko ya asili ya kijiti. Mchezo huu huanza kasi ya mkondo inapofikia kama mara 1 ya jibu hilo, wakati ule wa kando husubiri hadi karibu mara 5. Aliye dhaifu ndiye anayetangulia kufika.

Na haikuwa siri. Mwishoni mwa miaka ya 1960, gati la mafuta la Immingham, Uingereza, lilipokuwa likijengwa, nguzo zake zilitikiswa na maji ya kujaa na kupwa, zikienda mbele na nyuma kwa kufuata mkondo. Wahandisi wa bandari walilijua jambo hili. Wa mitambo ya nyuklia walikuwa wakisoma kitabu kingine. Hilo ndilo linalonikera zaidi kuliko hesabu.

Kijiti cha Monju kilikuwa na kasoro nyingine: unene wake ulipungua ghafla, na hapo penye ngazi ndipo chuma kilipochoka kikapasuka. Mwaka 1998 chama cha wahandisi mitambo wa Japani kilitoa mwongozo unaodai pande zote mbili za mtikisiko zipimwe. Ala fupi, inayopungua unene polepole kuelekea ncha, hupita kipimo hicho bila shida.